Kucheka Nako Kuna Mizani

Kuna maneno mawili yanazunguka kwenye vijiwe vyetu sisi tunaojiita waandishi chipukizi, na yote mawili yananikera. La kwanza linatoka kwa wakubwa: eti haiku za kuchekesha si kazi ya mshairi, ni utani wa kupitishia muda wakati chai inachemka. La pili linatoka kwa wenzetu wenyewe: eti haiku ni rahisi, unachukua sentensi moja ya kuchekesha, unaikata vipande vitatu, basi, umeshakuwa mshairi.

Leo nashika kalamu kuyapinga yote mawili. Ukiyachunguza utaona ni neno moja tu lililovaa mashati mawili. Mkubwa na kijana wote wanaamini kwamba kicheko ni kitu chepesi. Mmoja anakidharau kwa wepesi wake, mwingine anakipenda kwa wepesi huohuo. Mimi nasema kicheko kina uzito, na uzito wake unapimika. Kipimo tunacho tangu zamani, tunakiita mizani.

Atakayeuliza "huyu ni nani hata atufundishe" jibu lake ni hili: mimi si profesa. Nimeishia kidato cha nne, riwaya yangu bado iko kwenye madaftari, na mashairi nayasoma kwa kuazima. Lakini kuhesabu hadi kumi na saba hakuhitaji digrii, bwana. Kunahitaji vidole na uvumilivu.

Tuanze na kitu chenyewe. Haiku ni shairi la Kijapani lenye mizani kumi na saba: tano, saba, tano. Kwa Kiswahili, na kwa maisha yetu ya kugombea daladala, tunaweza kuandika hivi:

"Nafasi zipo!"
konda aita watu,
yeye hewani.

Hesabu. Na-fa-si-zi-po, tano. Ko-nda-a-i-ta-wa-tu, saba. Ye-ye-he-wa-ni, tano. Hakuna vina, hakuna kibwagizo, hakuna mafundisho. Kuna gari limejaa hadi konda mwenyewe ananing'inia mlangoni, na bado anaita. Kila aliyewahi kupanda daladala saa kumi na mbili jioni anamjua huyu mtu. Umecheka? Basi shairi limefika.

Sasa mkubwa anasema huo ni utani tu. Namwomba arudi kwenye historia ya jambo analolizungumzia. Haiku ilizaliwa ndani ya kitu kilichoitwa haikai, na neno hilo haikai lenyewe linabeba maana ya mzaha na utani. Huko Japani washairi walikuwa wakikaa pamoja kutunga mashairi ya kupokezana, huyu anaanza, yule anaunga. Ushairi wa mabwana wa ikulu ulikuwa na adabu zake nyingi: maua fulani, mwezi fulani, machozi fulani. Haikai ikaja ikafungua mlango kwa mambo ya watu wa kawaida: viatu, samaki, kukojoa kwa farasi, viroboto. Basho, aliyeishi mwaka 1644 hadi 1694, ndiye aliyeinua haikai ikawa sanaa ya kuheshimiwa, na hakufanya hivyo kwa kuufukuza utani. Jina "haiku" lenyewe lilikuja kuenezwa baadaye kabisa, miaka ya 1890, na mshairi Masaoka Shiki. Kwa maneno mengine, anayesema kwamba haiku ya kuchekesha ni haiku iliyopotea njia anamfukuza mama mwenye nyumba kwa sababu mtoto amependeza.

Halafu wako waliokwenda mbali zaidi. Katika karne ya 18, mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Mji wa namna hiyo unaujua: wapangaji, wafanyabiashara, maofisa, wakopaji, wakopeshaji, wake wa watu na waume wa watu. Hapo alikuwapo bwana mmoja anaitwa Karai Senryu, aliyezaliwa 1718 na kufa 1790. Alikuwa msimamizi wa mtaa huko Asakusa, tuseme mjumbe wa nyumba kumi wa kwao. Kuanzia mwaka 1757 akawa mwamuzi wa mashindano ya mashairi. Mchezo ulikuwa hivi: unatolewa mstari wa kuanzia wenye mizani kumi na nne, watu wanalipa kiingilio kidogo na kuleta majibu yao ya mizani kumi na saba, mwamuzi anachagua, yanayoshinda yanachapwa na wenyewe wanapata zawadi. Kwa sisi tuliokulia kwenye vitendawili na mashairi ya kujibizana, mchezo huo si mgeni hata kidogo.

Mwaka 1765 likatoka kitabu cha majibu yaliyochaguliwa, kikiitwa Haifu Yanagidaru. Mhariri wake alifanya jambo moja la akili: aliiondoa ile mistari ya kuanzia akaacha majibu peke yake, yale yanayoweza kusimama bila mkongojo. Kitabu kikapendwa, kikafuatwa na kingine, na kingine, mpaka vikafika 167 kwa muda wa zaidi ya miaka 70. Na jina la yule mjumbe ndilo lililobaki kuwa jina la aina hiyo ya shairi: senryu. Haiku na senryu zina umbo moja. Tofauti ni kwamba haiku kwa desturi hubeba neno la majira na hutazama ulimwengu. Senryu humtazama binadamu, hasa pale anapojifanya. Tabibu asiyejua dawa, ofisa mwenye mkono mrefu, mkwe na mama mkwe, shujaa anayeogopa mkewe. Na watunzi wake? Watu wa mtaani. Beti zile zilichapwa bila majina yao.

Kwa hiyo, ndugu zangu, vingi kati ya vile tunavyoviandika hapa na kuviita haiku, jina lake halisi ni senryu. Sitagombana na mtu kwa jina. Ila ni vizuri kujua kwamba tunaposhika kalamu kumcheka konda, hatuchezi pembeni ya uwanja. Tumo ndani ya utamaduni wenye zaidi ya miaka 250.

"Lakini huo ni wa Wajapani," atasema mzee wetu wa vina na mizani. "Sisi tuna tarbia, tuna utenzi. Mambo ya kuiga ya nini?"

Mzee, shikamoo. Hebu tuhesabu pamoja. Mshororo mmoja wa tarbia una mizani nane na nane, jumla kumi na sita. Haiku nzima ina mizani kumi na saba. Haiku nzima inauzidi mshororo wako mmoja kwa mizani moja tu! Ubeti wako wa tarbia una mizani sitini na nne; humo zinaingia haiku tatu na chenji inabaki. Hicho unachokiita kitu kigeni kinaingia mfukoni mwako bila hata kuukunjua.

Tena kuna ajabu nyingine inayonifurahisha kila ninapoifikiria. Wajapani hawahesabu silabi kama Waingereza. Wao herufi "n" ikikaa peke yake mwishoni mwa neno inahesabiwa mizani moja, na irabu ikivutwa inahesabiwa mbili. Jina la nchi yao, Nippon, kwao ni mizani nne. Tokyo nayo ni nne, kwa sababu "o" zote mbili zinavutwa. Sasa sisi: mtu ni mizani mbili, m-tu. Nchi ni mbili, n-chi. Kaa ni mbili, ka-a. Mvua ni tatu. Yaani ile "m" ndogo ambayo mgeni anaimeza, sisi tunaitendea haki yake, sawasawa na wao na "n" yao. Sheikh Amri Abedi alipotutolea sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, hakuwa akiwaza Japani, lakini sikio aliloliandikia lingeielewa haiku siku ya kwanza.

Waingereza na Wamarekani wamepata shida. Silabi zao ni nzito, zimejaa konsonanti. Neno "strengths" lote hilo ni silabi moja. Mizani kumi na saba ya Kiingereza inabeba maneno mengi kuliko ya Kijapani, shairi linavimba, ndiyo maana washairi wao wengi wameacha kuhesabu kumi na saba na kuandika fupi zaidi. Wana sababu. Sisi hatuna sababu hiyo. Silabi zetu ni nyepesi na wazi kama za Wajapani wenyewe.

Shida yetu ni nyingine: maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kula mstari mzima. Wenzangu wengi wanalalamika hapo. Mimi naona hiyo ndiyo zawadi tuliyopewa. Nenda ofisi yoyote ukaulize habari za karatasi zako, usikilize neno utakalojibiwa. "Halijapatikana." Ha-li-ja-pa-ti-ka-na. Saba kamili! Lugha imekutungia mstari wa katikati, wewe umebakiwa na kazi ya kuweka mlango wa mbele na wa nyuma:

Faili lako
halijapatikana;
njoo na chai.

Sasa niambieni, wakubwa, huo ni utani wa kupitishia muda? Mizani kumi na saba, na hakuna neno "rushwa" humo ndani. Hakuna neno "ufisadi." Hakuna "enyi viongozi." Ofisa anazungumza kwa upole kabisa, na adabu yake ndiyo inayomshitaki. Mtu anaweza kuandika makala ya kurasa kumi kuhusu jambo hilo na msomaji akasinzia ukurasa wa pili. Hii utaibeba kichwani mpaka nyumbani, na ukienda ofisini Jumatatu utatabasamu peke yako kwenye foleni. Aliyeko mbele yako akiuliza unacheka nini, utamwambia. Hivyo ndivyo kitu kinavyosambaa.

Sasa niwageukie wenzangu, maana huku nako kuna kazi.

Jamani, tunavurunda. Tunaandika hivi: "Jana nilikwenda sokoni, nikakuta nyanya zimepanda bei, nikarudi na kapu tupu." Tunaikata mara tatu, tunaweka chini jina letu. Hiyo ni habari, tena habari ambayo mama yako anaijua kuliko wewe. Ukimwuliza mtunzi kwa nini hakuhesabu, anajibu kwamba yeye ni mshairi huru. Wengine wanamtaja Kezilahabi, kwamba alivunja vina na mizani alipotoa Kichomi mwaka 1974. Ni kweli alivunja, na ugomvi wake na wanamapokeo ulirindima. Lakini Kezilahabi aliacha nyumba aliyoijua hadi mapaa yake, na alipotoka alijenga nyingine. Wewe umeacha nyumba gani? Tena, rafiki yangu, kama unataka uhuru wa kutohesabu, kwa nini uchague shairi ambalo hesabu ndiyo mifupa yake? Hakuna aliyekulazimisha. Andika shairi huru, nalo lina wasomaji wake. Usimwite paka mbuzi kisha ukadai maziwa.

Hesabu inatusaidia hivi. Ile habari ya soko ina mizani thelathini. Ukilazimika kubaki na kumi na saba, unaanza kutupa. "Jana" inakwenda. "Nilikwenda" inakwenda. "Bei" nayo, ambayo ndiyo uliyodhani ni shairi lenyewe, unaitazama, unaona hata yenyewe inaweza kwenda. Kisha unajiuliza: mama alirudi na nini hasa?

Kapu la soko
larudi na umbea
na pilipili.

Bei haikutajwa. Hakuna mtu atakayehitaji kuelezwa. Umbea ni bure, pilipili ni za shilingi kidogo, na kapu lililotoka nyumbani kutafuta mboga limerudi na vile tu vinavyowasha. Kile ulichokitupa ndicho msomaji anachokiokota, na akikiokota mwenyewe anakipenda. Sikuyapata hayo kwa wahyi. Niliyapata kwa kukosa nafasi. Mtu mwenye mizani mia hatafuti, kwa sababu hajapungukiwa.

Na sisi tunaoota kuandika riwaya ndio tunaoihitaji shule hii kuliko wote. Riwaya inasamehe: ukurasa mmoja ukilegea, wa pili unaweza kuubeba. Matokeo yake tunajaza madaftari kwa "jua lilikuwa likichomoza taratibu" mpaka msomaji naye anachomoza akaenda zake. Mtu aliyewahi kumweka mwenye nyumba na mpangaji wake ndani ya mizani kumi na saba hatahitaji kurasa tatu kutuambia kwamba wahusika wake wanadaiwa:

"Nitakulipa,"
nasema na mlango;
kodi yabisha.

"Nitakulipa" ni neno moja, mizani tano, mstari mzima. Kisha tazama "yabisha." Kubisha ni kugonga mlango, na kubisha ni kukataa maneno ya mtu. Kodi inagonga na kodi inapinga, kwa pigo moja, na nyuma yake sikio linasikia "hodi." Wajapani wana jina kwa neno linalobeba mizigo miwili namna hiyo, wanaliita kakekotoba, na katika mashairi yao ya kale walilitumia sana. Sisi tuna lugha iliyojaa maneno ya hivyo, tumeyaachia wachekeshaji wa jukwaani na waandika kanga.

Lakini mizani peke yake haitoshi, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Kuna haiku zinazohesabika sawasawa na bado ni aibu. Kwa mfano mtu anaweza kuleta hii:

Sinia chafu;
mama lishe auza
wali na nzi.

Hesabu ni sahihi, tano, saba, tano. Hata "nzi" amehesabiwa n-zi kama inavyotakiwa. Lakini nani anachekwa humu? Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku, anayepikia kando ya barabara kwa sababu hana pengine pa kupikia, ambaye wengi wetu tunamla wali kwa mkopo. Kicheko hiki kinateremka. Kinamwangukia aliye chini kabisa, na hakimgharimu mtunzi kitu. Sasa geuza kiti, mtazame aliyekuja kumkagua:

"Jiko ni chafu,"
bwana afya asema,
kinywani wali.

Jiko ni lilelile, wali ni uleule. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mwandishi. Hii ndiyo sheria yangu ya pili baada ya hesabu, nami niko tayari kugombana na yeyote kwa ajili yake: cheka mwenyewe kwanza, cheka mwenye nguvu pili, na aliye chini yako mwache ale ugali wake kwa amani. Anayewacheka wanyonge hachekeshi, anafanya kazi ya wakubwa bila mshahara.

Na wakubwa wanajua nguvu ya kicheko kuliko sisi vijana tunavyoijua. Serikali ya Edo ilipobana uandishi wakati wa mageuzi yaliyoitwa ya Kansei, mwaka 1787 hadi 1793, beti za Yanagidaru zilizowagusa watawala ziliondolewa kitabu kiliporudiwa kuchapwa. Mtu haondoi kitu chepesi. Kitu chepesi hupeperuka chenyewe.

Kama hilo halitoshi, mtazameni Tsuru Akira. Huyu alizaliwa mwaka 1909, mfanyakazi wa kiwandani, akaandika senryu. Mizani ileile, umbo lilelile la kumcheka mkwe na mwenye duka, yeye akaligeuzia vita. Japani ilikuwa imeingia China, vijana wanapelekwa, magazeti yanaimba. Tsuru Akira aliandika juu ya wale wanaorudi bila viungo na wale wasiorudi kabisa, kwa kicheko kikavu kinachokata kama wembe. Desemba 1937 polisi wakamkamata. Akaugua kuhara damu akiwa mikononi mwao, akafa Septemba 1938. Hakufika miaka 30. Na mwaka 1940 polisi wakawageukia washairi wa haiku waliokuwa na jarida lao dogo lililoanzishwa 1933, Kyodai Haiku, wakawakamata na jarida likafa.

Jarida dogo la washairi vijana, nasema. Kama hili unaloshika.

Sitaki kusema kwamba kila anayeandika juu ya konda ni shujaa. Wengi wetu hatutakamatwa na mtu yeyote, tutakamatwa na njaa tu. Lakini anayeniambia kwamba mizani kumi na saba za mzaha ni mchezo wa watoto, namwuliza: mbona watu wazima wenye bunduki waliogopa?

Wako pia wanaosema kwamba kucheka ni kukimbia machungu, kwamba mshairi wa kweli analia. Hao nawapeleka kwa Kobayashi Issa, aliyezaliwa 1763 na kufa 1828. Issa ameacha haiku zaidi ya elfu ishirini, nyingi juu ya nzi, vyura, viroboto na shomoro, na nyingi zinachekesha. Alifiwa na mama akiwa mtoto mdogo. Alipooa, tayari mtu mzima, watoto wanne aliozaa na mke wake wa kwanza wote walikufa wadogo, na mwaka 1823 mke mwenyewe akafa. Mtu huyo ndiye aliyewacheka viroboto wa chumbani kwake kama wapangaji wenzake. Hakuwa hajui machungu. Alikuwa nayo mengi kiasi kwamba kilio peke yake kisingeyatosha.

Na ukidhani huo ni moyo wa Kijapani tu, kumbuka kwamba wakati Issa anahesabu viroboto, Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840. Muyaka ndiye anayetajwa kwamba alitoa ushairi wa Kiswahili msikitini akauleta sokoni: siasa za mji, mapenzi, madeni, majirani, majivuno na kejeli. Watu wawili wa zama moja, bahari moja kubwa katikati, hawakujuana, na kila mmoja ameuinamisha ushairi mpaka ukagusa sakafu ya nyumba. Baadaye tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, tukawa na Sani, tuna maandishi ya kanga na ya nyuma ya daladala. Sisi tunajua kusema fupi na kuchoma. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia kwamba huo nao ni uandishi, ukae nao chini, uufute, uuandike tena.

Huko Japani hawajaacha. Mwaka 1987 kampuni ya bima ya Dai-ichi Life ilianzisha mashindano ya senryu za wafanyakazi wa maofisini, watu wa tai na treni za asubuhi, wanaomcheka bosi, mke, tumbo na pensheni. Watu wengi mno wakaandika, na wengi wao hawajiiti washairi. Sisi tumekaa tunangoja mchapishaji atuone. Mchapishaji hatuoni, karatasi ni ghali, muswada wa kurasa mia tatu unarudi bila hata kufunguliwa bahasha. Sawa. Lakini haiku kumi zinaingia kwenye ukurasa mmoja wa jarida letu hili, na moja inaingia kichwani mwa mtu bila karatasi. Hakuna mchapishaji anayeweza kukuzuia kutunga wakati unasubiri umeme urudi:

Umeme waja;
mtaa wote shangwe,
luku sifuri.

Miaka hamsini ijayo mwanahistoria atataka kujua tuliishije. Takwimu za mgawo wa umeme atazipata kwenye makabrasha. Lakini ile sekunde moja watoto wanapopiga kelele "huooo!" mtaa mzima, na wewe umesimama chini ya mita yako isiyo na hata uniti moja, hiyo hataipata kwenye kabrasha lolote kama hukumwandikia. Hayo ndiyo mambo mazito. Uzito wake uko katika kwamba hakuna mwingine atakayeyaandika.

Basi naweka masharti yangu mezani, na anayetaka ayapinge. Kwanza, hesabu. Ukizidisha mizani, jua kwa nini umezidisha. Pili, tupa bei ubaki na pilipili. Tatu, angalia kicheko chako kinamwangukia nani. Nne, majira tunayo, tuyatumie: masika, vuli, kiangazi, kipupwe, kusi na kaskazi. Mjapani ameandika theluji kwa sababu inamwangukia yeye. Nimechoka kusoma theluji za Manzese na Kariakoo. Sisi tunaangukiwa na hii:

Paa lavuja;
mvua ya masika
yalala nami.

Kwa wakubwa nasema: tupimeni kwa mizani, tumekubali, ndiyo kipimo chenu na chetu. Msitupime kwa kununa. Kwa wenzangu nasema: anayetaka kuitwa mshairi wa kuchekesha alete kumi toleo lijalo, zimehesabiwa, na mimi nitaleta zangu. Tuzipange ukurasa mmoja bila majina, kama walivyofanya watu wa Edo, wasomaji waamue ipi imesimama na ipi imeanguka.

Mwenye hoja alete hoja. Mwenye vidole aanze kuhesabu.